Mteremko wa Soko Letu

Nimefanya kazi ya usafi Doha miaka kumi na moja, na wewe unayenijua unajua mimi si mtu wa kubabaishwa na jengo. Nimesugua marumaru za hoteli za West Bay, nimepiga deki ofisi zenye zulia la bei ya nyumba yetu yote. Kila jengo ninaloingia nalitazama kwa maswali mawili tu: vumbi litakaa wapi, na maji yatakwenda wapi. Kwa hiyo walipotuita semina kule kisiwa cha Pearl, siku chache kabla ya kufungua ukumbi mpya wa vyakula uliojengwa kwa mfano wa masoko ya zamani ya Ufaransa, nilikwenda na daftari langu, nikakaa mstari wa mbele kama kawaida yangu, nikangoja kuambiwa sabuni ipi isiguse mbao.

Aliyetufundisha alikuwa msanifu majengo, Mfaransa wa miaka sitini na kitu, mwenye viganja vipana vya fundi. Alitueleza kwamba zamani kwao watu waliuziana chakula uwanjani, kwenye tope na baridi, mpaka karne ya kumi na tisa walipoanza kuyajengea masoko paa za chuma na vioo. Akatuonyesha ukutani picha za nguzo nyembamba za chuma cha kumimina, kuta za matofali zinazoishia kifuani, na juu yake mbao zilizolazwa mshazari ili upepo upite na jua libaki nje. Juu kabisa, mgongoni mwa paa kubwa, palikuwa na paa dogo jingine la kutolea joto. Kila kipande kilimiminwa kiwandani na kupigwa namba, kikafungwa mahali pake kwa bolti, na ndiyo maana, alisema, masoko yale yaliweza kusafiri. Mengine yalipakiwa melini vipande vipande, yakaenda kusimamishwa Afrika, Asia na Amerika Kusini. Kisha akabonyeza kitufe, ikaja picha ya nguzo moja kwa karibu.

Nguzo ile naijua. Shingoni ina majani manne ya chuma yaliyokunjika ncha, na chini, usawa wa goti la mtu mzima, ina mkanda wa herufi zilizovimba ambazo utotoni nilizipapasa kwa kidole kabla sijajua kusoma. Nilishtuka mpaka kalamu ikanidondoka. Jirani yangu wa kiti, Mkenya wa ofisi ya ajira ambaye Ijumaa, siku ya mapumziko huku, hukosi kumwona kanisani Mesaimeer na siku nyingine zote hukosi kumsikia akicheka, alinigusa kiwiko.

"Uko sawa kweli? Umeshtuka kama umeona polisi."

"Hilo soko letu," nikamnong'oneza.

"Soko lenu wapi? Hiyo ni picha ya Ufaransa, mama. Tulia, mudir wetu wa kazi anatuangalia."

Nikatulia kwa mwili tu. Mjini kwetu, mji mdogo wa pwani ya Tanzania ambao hutausikia kwenye taarifa ya habari, watu walibishana miaka nenda rudi kuhusu nani alilijenga soko. Muuza nazi alishikilia kwamba ni Mreno, na hakuwa na ushahidi wowote ila sauti kubwa. Wengine walisema Mjerumani, kwa sababu lilikuwa imara, na mlinzi wa soko alisema Mwingereza, kwa sababu ya kengele ya kufungia. Herufi zilikuwa pale pale nguzoni, zinasema zilikotoka, na hakuna aliyewahi kuinama kuzisoma. Sisi watoto tulikuwa na shughuli nyingine na nguzo zile. Zilikuwa na uwazi ndani, na maji ya paa yalishukia humo, kwa hiyo mvua ikinyesha kila mtoto alikumbatia nguzo yake na kubandika sikio. Tuliisikia mvua ikishuka ndani ya chuma, ikipita kando ya shavu, ikienda zake chini ya miguu yetu.

Bibi aliyenilea aliuza samaki. Mama yangu alikuwa akifanya kazi mji mwingine na kuja sikukuu, hivyo mimi na bibi tulikuwa wawili, na soko ndilo lilikuwa ua wa nyumba yetu. Uliingia lango la juu, la barabarani, ukapokewa na bizari, iliki na karafuu. Ukashuka kidogo ukakuta mchicha uliorushiwa maji, bamia, ndizi, malimau. Kisha nazi, na ule mkwaruzo wa mbuzi usiokoma, maana palikuwa na mama aliyekukunia hapo hapo ukisubiri. Kisha unga na nafaka, kisha kuku, kisha nyama, na mwisho kabisa, chini, meza za zege za wauza samaki. Asubuhi jua lilipita kwenye zile mbao za mshazari likaanguka sakafuni mistari mistari, na sisi tuliruka mstari hadi mstari tukitumwa kutafuta chenji. Bibi alikuwa na changu, tasi na kibua, na ubavuni papa mkavu, na kisu ambacho hakuna mtu aliruhusiwa kukigusa. Alikuwa mfupi, hivyo alisimama juu ya kreti la soda, na kwa kuwa alikuwa juu ya kreti alizungumza na wateja kama mkuu wa wilaya.

Nimesema uliingia ukashuka, na nimekusudia hivyo hasa. Sakafu ya soko letu ilikuwa na mteremko. Haukuwa mkubwa, toka lango la juu hadi meza za samaki tofauti ilikuwa kama kimo cha kigoda cha jikoni, na mgeni angeweza kutembea ukumbi mzima asiutambue. Lakini machungwa yaliutambua. Chungwa likimponyoka mama wa mboga lilianza safari polepole, likapita kwa wauza nazi, likapita kwenye unga, na hakuna aliyehangaika kulikimbilia, kwani ilijulikana litasimama kwa bibi. Kwa ajili ya kigoda hicho kimoja watu walikuwa wamejigawa. Wa juu waliitwa watu wa Mlimani, wa chini watu wa Bondeni, na usicheke, maana walioana kwa kuangalia hilo.

Ijumaa asubuhi, kabla ya sala, soko lilioshwa. Bomba lilikuwa moja tu, langoni juu. Mlinzi alilifungulia, wauza bizari wakawa wa kwanza kusafisha, kwa maji meupe, wakayasukuma kwa fagio za chelewa hadi kwa watu wa mboga, nao wakaongeza maganda yao wakayasukuma mbele. Kila kundi lilimaliza likakaa juu ya meza zake, miguu ikining'inia, likitazama maji yakiteremka. Yalipofika kwetu yalikuwa na machicha ya nazi, manyoya ya kuku, damu ya ng'ombe na kila kilichoanguka wiki nzima. Bibi na wenzake walisimama mwisho na fagio zao, wakayapokea yote, wakaongeza magamba, wakayaingiza kwenye mfereji mpana uliopita chini ya ukuta. Mimi niliipenda sana Ijumaa. Maji yaliniletea vitunguu vizima, vifungo, mara moja hereni ya dhahabu ambayo bibi alinituma niirudishe kwa muuza bizari, na muuza bizari aliipokea kwa ncha za vidole.

Nilikuwa darasa la tano nilipoacha kuipenda. Mtoto mmoja wa Mlimani alianza kuniita Bondeni darasani, wengine wakafuata, na hilo ningelimaliza mwenyewe kwa ngumi, kama nilivyomaliza mengi. Lililonishinda ni mwalimu. Alikuwa mwanamke mpole, na kwa upole wake huo alinihamishia dawati la dirishani, akasema, "Huku utapata hewa zaidi, mwanangu." Darasa zima lilielewa hewa hiyo ilikuwa ya nani. Nikarudi nyumbani jioni, bibi akanitengea wali na mchuzi wa tasi, nikaisukuma sahani. Akaniuliza nina nini. Nikamwambia ananuka.

Nilisema hivyo hivyo, kwa maneno hayo, kwa mtu aliyenilea. Hakunipiga. Alinyanyuka akaenda uani, akakamua limau kwenye viganja, akasugua kwa majivu, akarudi akakaa, akala wali wake na wa kwangu. Toka siku hiyo hakushika sare yangu ya shule bila kupita kwenye limau kwanza.

Wiki iliyofuata aliwakusanya wauza samaki na wauza nyama nyuma ya mfereji, wakazungumza kwa sauti za chini mchana kutwa. Usiku wake aliniketisha mkekani na karatasi mbili kutoka katikati ya daftari langu. Bibi hakujua kusoma wala kuandika, na hati yangu ilikuwa nzuri, mwalimu alikuwa ameshaibandika ukutani. Akanitajia maneno taratibu. Aliomba bomba. Bomba la pili, huku chini, ili Ijumaa watu wa Bondeni wakishapokea maji ya wenzao wapate na maji safi ya kumalizia. Alirudia mara mbili nisikosee: bomba moja, dogo, hata likisimama usawa wa kiuno tu linatosha.

Mimi niliona bomba ni kitu kidogo mno. Shuleni tulikuwa tukiimba kila asubuhi kwamba binadamu wote ni sawa, na nilikuwa na hasira ya dawati la dirishani, na zaidi ya yote nilijiamini. Nikaandika, kwa hati yangu ya kubandikwa ukutani: "Tunaomba sakafu ya soko isawazishwe, asiwepo wa juu wala wa chini, kwa sababu binadamu wote ni sawa." Bomba sikulitaja popote. Bibi aliniomba nimsomee, nikamsomea bomba. Akaniambia nimeandika vizuri, akachovya dole gumba kwenye wino, akalibonyeza chini ya maneno yangu, na kesho yake wenzake wakabonyeza ya kwao.

Barua ilisomwa Ijumaa mbele ya soko zima. Mwenyekiti wa soko alipanda juu ya meza ya nyama, akavaa miwani, akaisoma kwa sauti ya mtangazaji. Alipofika kwenye "wa juu wala wa chini" wauza samaki walipiga vigelegele, wachinja kuku wakagonga meza kwa visu, hata wachukuzi wa Mlimani walishangilia, na wakubwa wao walinyamaza kwa kuwa nani angesimama hadharani kupinga kwamba binadamu wote ni sawa? Bibi peke yake hakupiga kelele. Aligeuza shingo akanitafuta kati ya watu mpaka akanipata. Nikatazama vidole vyangu vya miguu.

Mwenyekiti akamuuliza kutoka juu ya meza, "Bibi, haya maneno ni yako?"

"Dole ni langu," akasema bibi.

Na ikaishia hapo. Halmashauri ilikuwa na saruji iliyobaki kwenye ujenzi mwingine, na ombi lilikuwa tamu, likawapa viongozi jambo la kuhutubia. Soko likafungwa kwa muda, tukauza nje chini ya maturubai. Mafundi wakajaza saruji upande wa chini hadi ukalingana na wa juu, wakauziba mfereji mpana kwa kuwa sasa ulikuwa shimoni, wakatoboa vitundu vichache katikati ya ukumbi vya kunyonya maji. Tuliporudi palipendeza, siwezi kusema uongo. Sakafu iling'aa, laini, sawasawa kama meza ya biliadi. Niliweka chungwa chini, likakaa. Nilijiona nimeshinda dunia, na shuleni nilitembea kifua mbele.

Ijumaa ya kwanza mlinzi akafungulia bomba. Maji yalitoka langoni, yakaenda kidogo, yakasimama. Watu wakayasukuma, yakaenda upande, yakarudi. Ya mboga yakaingia kwenye bizari, ya nyama yakapanda kwenye magunia ya unga, na magamba ya samaki yakaziba vile vitundu kabla ya saa nne. Kufikia adhuhuri ukumbi wote ulikuwa na maji ya kufunika kidole gumba cha mguu, mekundu mekundu, yenye manyoya, hayajui pa kwenda. Kila mtu alikuwa sawa na mwenzake. Muuza bizari, kanga ameikusanya magotini, alivuka maji mpaka kwa bibi, watu wote wakiangalia.

"Haya, bibi," akasema. "Usawa wenyewe ndio huu?"

Nilikuwa nimesimama karibu ya kutosha kuwagusa wote wawili. Nilifungua mdomo, na nakuapia nilifungua kwa nia ya kusema. Bibi alininyima nafasi.

"Niliomba mwenyewe," akasema. Akachukua fagio, akaanza kusukuma yale maji kuelekea lango la juu, akiyapandisha, mwanamke mfupi wa umri ule, na mimi nikachukua fagio la pili nikamfuata.

Walijaribu mengi baada ya hapo. Walitoboa vitundu zaidi, wakaanza kuosha kwa ndoo, kisha wakapunguza kuosha. Soko likaanza kunuka lote, toka iliki hadi papa, na wateja wakazoea kununua nje barabarani. Wenye meza wakawafuata wateja, mmoja mmoja, muuza bizari akiwa kati ya wa kwanza. Bibi alibaki mpaka bwana afya alipofunga milango. Miaka mingi baadaye paa liling'olewa, nguzo zikakatwa na kuuzwa kwa kilo, na leo pale pana maegesho ya magari ya mizigo. Bibi alikuwa ameshafariki. Kwa maisha yake yote yaliyobaki watu wa mji walisema ni yeye aliyeliua soko kwa kutaka makubwa, wengine kwa utani na wengine bila utani wowote, na hakuna hata siku moja aliyowajibu.

Haya yote yalinipitia nikiwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki, katika ukumbi wenye kiyoyozi, mbele ya picha ya nguzo. Msanifu akauliza kama kuna swali. Nikanyoosha mkono, nikamuuliza kwa Kiingereza changu cha kazini: katika masoko hayo yenye mteremko, nani aliwekwa chini? Alifurahi kama mtu aliyesubiri swali hilo siku nyingi. Wauza samaki, akasema, na wao ndio waliopimiwa nafasi kabla ya wengine wote. Samaki hamsubiri mtu, kwa hiyo wachoraji walitafuta kwanza kona yenye kivuli cha mchana na upepo mwingi, wakachimba mfereji mkubwa hapo, kisha wakainamisha sakafu yote kuelekea kona hiyo. Soko zima, alisema, lilichorwa kuanzia kwa muuza samaki.

Nilikumbuka ubaridi wa kona yetu. Ni kweli, saa nane mchana watu wa Mlimani walikuwa wakijipepea kwa maboksi na sisi tulikuwa na upepo shingoni, na hatukuwahi kujiuliza kwa nini. Bibi alisimama miaka yote ile mahali palipofikiriwa kuliko pote, akiambiwa ni pa watu duni, na mjukuu wake akaliamini hilo kuliko yeye.

Wakati wa chakula, mbele ya sahani ya machbus, wali wa nyama wa huku, nilimsimulia yule Mkenya. Alisikiliza yote bila kunikatiza, jambo ambalo kwake si dogo.

"Kwani ulikuwa class five?" akasema. "Wacha kujitesa bana. Hapo ulikuwa mtoi tu."

Nilimshukuru, lakini sikutaka kufarijiwa. Mimi ni mtu wa kujiamini, nimekuwa hivyo tangu darasa la tano, na kujiamini huko kumenifikisha hapa, kumenipa kazi na watu wa kuwasimamia. Kazini naamini macho yangu, na nikisema doa linatoka, linatoka. Ndiyo maana nadhani naliona hili vizuri kuliko wanaonihurumia. Nguzo zimekwenda, zile mbao za mshazari zimekwenda, hata mtu wa kubishana naye kuhusu Mreno hayupo tena. Hayo nayasikitikia kama mtu yeyote anavyosikitikia mji wake. Linalonikaba ni jingine. Siku ile, maji yamefunika vidole vya miguu na mji mzima unamtazama, bibi yangu alihitaji kusema neno moja tu, na neno hilo lingekuwa kweli tupu, na wangenicheka wiki mbili wakasahau. Hakulisema siku ile, wala siku ya kufa kwake nikiwa nimemshika mkono. Na mimi nilikuwa na miaka yote ile ya kulisema badala yake, mdomo ninao, hati nzuri ninayo, nikanyamaza.

Kwa hiyo, wewe uliyenisikiliza mpaka hapa, ukikutana na mtu yeyote wa mji wetu akakuambia habari za mwanamke wa Bondeni aliyetaka makubwa, mwambie barua niliandika mimi. Bibi aliomba bomba.